Joto la Chumvi

Jumatatu, 2 Juni

Nasahihisha. Kidato cha Pili B. Zimebaki karatasi thelathini na ukungu haujaondoka dirishani tangu asubuhi.

Swali la nane, eleza maana ya maneno. Mmoja ameandika: "Rovu ni mtu mwenye shingo." Nimempa sifuri. Nikacheka peke yangu ofisini. Kisha nikamkumbuka mama, nikaacha kucheka.

Neno hilo nililiweka mwenyewe kwenye mtihani. Rovu, ule uvimbe wa shingo; wingi marovu, ngeli ya LI-YA. Mtu anakuwa nalo moja tu lakini sarufi inamruhusu mengi.

Mchana Sabasi, anayeendesha watalii, amepiga simu kutoka geti la hifadhi, wageni wake wakiwa foleni ya kujiandikisha. Mdogo wangu huyu hapigi simu akiwa na wageni. Anasema mama amekabwa na ugali jana. Mara ya tatu mwezi huu.

"Safari hii alibadilika rangi, dada. Mke wangu alimpiga mgongoni mpaka nikaogopa."

Nimemaliza karatasi zote. Sijui nilichokuwa nasahihisha.

Jumatano, 4 Juni

Shingo ya mama. Nimekaa nikijaribu kukumbuka lini nilijua kuwa ni ugonjwa.

Utotoni nilidhani kila mwanamke akizaa huota lile. Mama alikuwa nalo, mama yake alikuwa nalo, jirani yetu wa juu kilimani alikuwa nalo. Nilikuwa nalala kifuani kwake, paji la uso limeegemea pale. Laini, na ya joto. Nilikuwa nikigusa shingo yangu nikijiuliza langu litakuja lini.

Halikuja. Nilikwenda shule ya bweni mapema, nikala chumvi ya watu wengine.

La kwake sasa limejaa kama maembe mawili chini ya kitenge. Anafunga kitenge shingoni hata jua likiwaka. Anasema ni baridi ya kwetu Mbulumbulu. Ni kweli kuna baridi, lakini si Januari.

Ijumaa, 6 Juni

Shule imefungwa. Nimefunga begi. Mwalimu mkuu ameniuliza likizo naenda wapi, nikasema nyumbani kuvuna mahindi. Uongo mdogo, sikutaka pole ya mtu.

Jumamosi, 7 Juni

Nipo kwa mama.

Amekonda usoni na shingo ndiyo imenenepa. Analala ameegemea magunia ya maharage kwa sababu akilala chali hewa haipiti. Pumzi yake inapiga mluzi. Magreti, mke wa Sabasi, ameizoea sauti hiyo. Mimi imenitia hofu hadi nikatoka nje nikajifanya naangalia ngano.

Jikoni harufu ya chumvi inakaangwa. Kikaango kikavu, chumvi inalia tititi, Neema anachochea moto huku anacheka na moshi. Hiyo ndiyo harufu ya nyumbani kwetu. Chumvi ya mama ni ya kijivu na ina ladha ya moshi, na maharage yake huwezi kuyapata kokote Karatu.

Neema ana miaka kumi na mmoja. Mtoto pekee wa Sabasi. Alichelewa kutembea, na maneno anayo machache, labda ishirini. Shule ilimshinda, au yeye aliishinda shule. Watu walisema mengi kuhusu ukoo wetu, na zaidi kuhusu Magreti. Mama hakuyasikiliza. Neema akichoka huenda kuegemeza kichwa pale pale nilipokuwa naegemeza mimi.

Nimemwambia mama Jumanne tunakwenda hospitali. Amekataa. Nimemwambia tena. Akabadilisha mazungumzo.

"Hili neno rovu ni la wapi, mwanangu? Si la Kiiraqw chetu. Wamasai nao hawalisemi."

Mama hupenda kujua maneno yanatoka wapi. Nimemjibu papo hapo: Kiarabu. Walimu wa Kiswahili tukibanwa tunasema Kiarabu, na aghalabu tunapona. Ameridhika. Amesema basi hata Waarabu wanaugua shingo. Halafu akakubali kwenda.

Jumanne, 10 Juni

Siku mbaya. Niiandike kama ilivyokuwa.

Daktari amempapasa mama, amempa maji ameze huku akimtazama shingo, wamempiga picha. Rovu limeshuka nyuma ya mfupa wa kifua. Linabana bomba la hewa. Dawa haitalirudisha tena, linatakiwa kutolewa, na hapa Karatu halitolewi. Amesema ataandika barua ya rufaa.

Kisha tukapelekwa chumba cha pili kwa muuguzi. Msichana wangu! Leokadia, nilimfundisha Kidato cha Tatu, mwandiko mzuri, mdomo mrefu. Sasa kavaa nyeupe. "Shikamoo mwalimu. Shikamoo bibi." Nilijisikia fahari mpaka nikakaa vizuri kwenye benchi.

Anajaza fomu. Bibi anakula nini. Samaki mara ngapi. Kisha:

"Mnatumia chumvi yenye madini joto, bibi?"

Mama akajinyoosha. "Hiyo hiyo. Ya mawe ni ya ng'ombe. Na joto lake silipotezi, naikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka ilie."

"Unaikaanga, bibi?"

"Miaka yote." Akaniwekea mkono gotini. "Huyu mwalimu wangu ndiye alinifundisha."

Leokadia akanitazama. Alikuwa anasubiri nisahihishe, kama darasani mtu anapokosea na wote wanageuka kumtazama mwalimu. Sikusahihisha. Nilitazama bango ukutani, la mama ananyonyesha.

Mama sikio la kushoto ni zito. Leokadia akanisogelea upande huo akasema kwa chini, kwa adabu zake zote: "Mwalimu, ikikaangwa madini yanaruka, inabaki chumvi tupu. Joto ni jina tu. Utamweleza bibi nyumbani taratibu, eh?"

Nikasema ndiyo.

Akanipa kipeperushi. Njia nzima mama alikuwa amechangamka, anasema yule binti amelelewa vizuri. Sikumweleza.

Alhamisi, 12 Juni

Ninaikumbuka siku yenyewe. Afadhali ningekuwa nimeisahau.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, likizo yangu ya kwanza kutoka chuo cha ualimu. Nilileta sukari, sabuni, na pakiti ya chumvi, kwa sababu chuoni walituambia tuache chumvi ya mawe. Mama alikuwa amemaliza darasa la watu wazima kanisani. Alikuwa anasoma kila kitu kilichoandikwa: kalenda, sabuni, gunia la mbolea. Akaichukua pakiti akasoma kwa kidole. Ma-di-ni jo-to. Akauliza:

"Joto la nini?"

Sikujua. Chuoni walisema neno, hawakulieleza, nami sikuuliza. Lakini nilikuwa mwalimu mtarajiwa, na marafiki walikuwa wananisubiri barabarani. Nikasema ni madini ya joto, joto ndiyo dawa yenyewe.

"Ikipoa je?"

"Ikipoa haina kazi, mama."

Maneno manne. Nilisema ili nitoke nje.

Kesho yake asubuhi akaweka kikaango motoni. Nilimwona. Nilidhani anakausha chumvi isigande, watu wengi hukausha. Miaka ishirini na saba nakula maharage yale nayasifu.

Nimejichukia leo. Hakuna namna nyingine ya kuandika.

Jumapili, 15 Juni

Jumuiya imesali kwetu. Mama ndiye anayeanzisha nyimbo, miaka yote, hata sasa pumzi ikipiga mluzi. Anaanza chini, anavuta, halafu wengine wanaingia. Leo alikatika katikati ya ubeti wa pili. Wakangoja. Akaendelea.

Baba mdogo Tarmo amekuja kumpa pole mgonjwa. Nilipomweleza kuwa ni tezi ya shingo ameshtuka sana. "Tezi? Tezi si ya wanaume? Shemeji anapataje tezi?" Nikamweleza kuna tezi dume na kuna tezi nyingine. Hakuamini. Ameondoka akinitazama kwa mashaka, kama vile nimemficha kitu cha aibu. Mama amecheka mpaka akakabwa, tukakimbia na maji.

Walipoondoka wote akaniuliza: "Yule binti alisemaje juu ya chumvi? Nilimwona anakunong'oneza."

Nafasi ndiyo hiyo. Imeletwa mpaka mkononi.

Nikasema: "Amesema usiikaange sana."

Basi leo jioni ameikaanga kidogo.

Jumatano, 18 Juni

Nimeshuka Karatu kufuata barua ya rufaa. Nikapita shuleni, nikafungua maktaba kwa ufunguo wangu, nikavuta kamusi zote mezani. Niliwaza angalau deni la neno nimlipe mama.

Rovu: uvimbe wa tezi ya shingo. Basi. Kamusi nyingine: hivyo hivyo. Asili ya neno haikuandikwa. Kiarabu hakipo. Hakuna chochote, wala alama ya kuuliza.

Wenye Kiingereza wanasema goita, na hao wameandika asili. Neno limepita kwa Wafaransa, na kabla ya hapo lilikuwa la Kilatini, maana yake koo. Koo tu! Ugonjwa wa koo unaitwa koo. Tezi yenyewe Wagiriki waliipa jina la ngao, kwa sababu ya umbo. Sisi tunaiita dundumio na sijui kwa nini. Ngao iliyopo shingoni kwa mama inamnyonga.

Madini joto nimetafuta pia. Kamusi inasema ni madini yanayotiwa kwenye chumvi kuzuia rovu. Joto la nini, haisemi.

Ndipo nikakisoma kile kipeperushi cha Leokadia, nilikuwa nimekikunja ndani ya daftari hili bila kukifungua. Ukurasa wa pili. Mjamzito akikosa madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa na akili nzito, au asisikie, au achelewe kutembea na kusema.

Magreti aliolewa akaja kukaa kwa mama. Jiko moja, chungu kimoja, chumvi moja. Mimba yote ya Neema.

Nilikaa maktaba mpaka mlinzi akaja kugonga.

Alhamisi, 19 Juni

Sijala.

Jumamosi, 21 Juni

Sabasi ana siku mbili bila wageni. Tunavuna mahindi. Anasimulia alivyowapeleka Wazungu kwenye yale mapango ya msituni, tembo wanapochimba udongo kwa pembe na kuula kwa ajili ya chumvi yake. Anaigiza tembo, Neema anafurahi, anarudia "tembo, tembo," ni moja ya maneno yake.

"Wageni wanauliza nani amewafundisha," Sabasi anasema. "Nawaambia tembo hana mwalimu, ndiyo maana hakosei."

Amenitania tu. Ananitania hivyo tangu utoto. Nikatupa hindi chini nikaenda zangu. Nilimsikia anamwuliza Magreti, nimesema nini kibaya?

Magreti amenifuata na maji ya kunywa. Magreti mpole, aliyeambiwa kwa miaka kumi na mmoja kwamba tumbo lake lina mkosi. Ameniambia nisilie, mama atapona. Nilishindwa kumtazama.

Jumatano, 25 Juni

Hospitali ya rufaa. Tumefika jana. Wodi safi, kitanda karibu na dirisha. Mama amesoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani, hadi ratiba ya usafi.

Daktari bingwa ni mtu mzima, anaongea polepole. Amesema ukweli wote. Kuna mshipa mwembamba wa fahamu unaopita nyuma ya tezi, ndio unaoendesha sauti. Rovu lake ni kubwa na la siku nyingi, mshipa unaweza kuwa umegandamana nalo. Atajitahidi. Hawezi kuahidi.

Mama akauliza: "Sauti ya kuongea au ya kuimba?"

"Zote, mama."

Akauliza asipofanyiwa. Daktari akamwambia pumzi itazidi kubanwa mpaka siku itakayokataa. Akasema basi afanyiwe. Aliweka dole gumba mwenyewe, kisha akaomba kalamu akaandika na jina, kwa sababu anajua kuandika.

Nilimkimbilia daktari koridoni. Nikamwuliza la chumvi, kwa haraka, kama mtu anayeungama. Amesema rovu la mama lilianza ujanani, kabla ya mimi kuzaliwa. Chumvi nzuri labda ingelizuia lisikue hivi, labda isingelizuia. Nikamwuliza la Neema. Akavua miwani. Sababu ni nyingi, mwalimu. Sasa hivi hakuna anayeweza kujua.

Nilitaka aniambie ndiyo au hapana.

Alhamisi, 26 Juni

Kesho asubuhi wanampasua. Leo mchana tumekaa wawili tu, jua limeingia mpaka kitandani. Ameimba. Taratibu, wimbo wa mavuno anaoanzisha kila mwaka, beti zote nne. Wagonjwa wengine wamenyamaza. Muuguzi mmoja amesimama mlangoni na trei yake. Nadhani mama alikuwa anaaga.

Nikasema sasa. Nikafungua mdomo na kilichotoka ni kile kidogo.

"Mama, lile neno rovu. Nilikudanganya. Si Kiarabu. Nimetafuta, sijui limetoka wapi."

Amenitazama. Kisha akacheka, kicheko chote, bega likatikisika. "Mwalimu hajui!" Akamwambia mama wa kitanda cha pili: "Mwanangu mwalimu, na hajui!" Alifurahi kuliko nilipompelekea cheti changu.

La chumvi likabaki kooni kwangu. Muda wa wageni ukaisha.

Ijumaa, 27 Juni

Amekaa chumba cha upasuaji kwa muda wa saa tano na nusu. Sabasi hakuketi hata dakika moja.

Ametoka. Anapumua. Hakuna mluzi.

Shingo imefungwa bandeji na ni nyembamba kama ya msichana. Sikumjua. Kwa sekunde moja nilidhani wametuletea mama wa mtu mwingine.

Jumapili, 29 Juni

Hana sauti.

Anafungua mdomo, inatoka hewa tu. Daktari amesema mshipa mmoja ulikuwa umeshikana na rovu, amefanya alichoweza. Huenda sauti ikarudi kidogo baada ya miezi. Huenda isirudi. Mama alimsikiliza, akamshika mkono daktari kwa mikono miwili, akamshukuru kwa midomo.

Leo ni Jumapili, na kengele za kanisa la jirani zimesikika wodini. Mama akageukia ukuta.

Nimemnunulia daftari la mistari na kalamu ya bluu.

Jumapili, 6 Julai

Tumemrudisha nyumbani jana, kwenye gari la Sabasi, viti vya wageni, mama mbele. Majirani wamejaa. Kila mtu anataka kuona shingo. Mama hakufunga kitenge. Neema alimkimbilia, akaegemeza kichwa mahali pake, hapakuwa na kitu. Akakiinua kichwa, akatazama. Akaegemeza tena, chini kidogo, kwenye mfupa.

Hospitali walimpa mama bahasha ya karatasi zake. Tarehe za kurudi, vidonge vya kumeza kila siku maisha yote. Na kipeperushi. Kile kile, kinachapishwa kwa wote.

Niliibeba bahasha hiyo siku nzima. Nilikuwa na nafasi ya kukitoa. Mama anasoma kila kitu, nalijua hilo. Nikaiweka bahasha mezani kwake kama nilivyopewa. Sijui kama ni ujasiri au nimechoka kusema uongo.

Jumatano, 9 Julai

Shule imefunguliwa. Nimefundisha vipindi vinne. Mwanafunzi ameuliza asili ya neno "meza" nikamwambia Kireno. Hilo nina hakika nalo, lakini nililiangalia tena kwenye kamusi mchana.

Magreti ameniandikia kwa simu kwamba mama hakaangi chumvi tangu juzi. Ameuliza kama nimemkataza.

Sijamkataza.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda. Nimefika saa nne asubuhi, jikoni hakukuwa na moshi mwingi. Mama kwenye kigoda, Neema na Magreti wanapukuchua mahindi mlangoni. Kikaango kimeoshwa, kimeinamishwa ukutani. Kipeperushi kipo juu ya mfuko wa chumvi.

Mama akafungua daftari. Alikuwa ameshaandika, alikuwa ananingoja:

"Hapa hawajaandika kukaanga."

Nikakaa chini. Nikamwambia. Siku ile, pakiti, kidole chake kwenye maandishi. Kwamba sikujua na nilijibu. Kwamba marafiki walikuwa barabarani. Kwamba Leokadia alinituma nimweleze na nikasema usiikaange sana. Nilisema kwa sauti kwa ajili ya sikio lake bovu, kwa hiyo Magreti naye alisikia yote. Mikono yake ikasimama juu ya gunzi.

Nililia kama mtoto. Mama hakunifuta machozi wala hakunifukuza.

Akachukua kalamu. Anaandika polepole, herufi kubwa za darasa la kanisani. Nilizisoma kichwa chini, moja moja, zilivyokuwa zinatoka.

"Na Neema?"

Nilikuwa na majibu. Njia nzima kutoka Karatu nilikuwa nayo, yamepangwa. Sababu ni nyingi, daktari amesema. Mungu ndiye anayejua. Labda ilikuwa homa aliyougua utotoni. Yote yalikuwa tayari mdomoni, na mama ananiangalia, na Magreti ananiangalia.

Nikasema: "Sijui, mama."

Alingoja, nadhani kuona kama nitaongeza kitu. Sikuongeza.

Magreti akanyanyuka, akamshika Neema mkono, wakatoka nje. Niliwaona wanapita kati ya mabua mpaka ukingo wa shamba la ngano. Walisimama huko muda mrefu. Mama akafunga daftari, akaweka kalamu juu yake, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumapili, 13 Julai

Sabasi ameambiwa na mkewe. Hajanipigia. Leo amepeleka wageni bondeni, Magreti ameniambia hivyo kwa ujumbe, kwa ufupi, bila dada wala mwalimu.

Alhamisi, 17 Julai

Ujumbe kutoka kwa Magreti. "Jumapili jumuiya ni kwetu. Mama anataka uje." Nimeusoma mara nyingi. Anataka mama, hajasema wanataka.

Jumapili, 20 Julai

Ukungu asubuhi, jua mchana.

Wimbo umeanzishwa na mama mwingine, juu mno, wengi hawakuufikia. Mama alikuwa anachezesha midomo. Ubeti wa pili aliacha.

Sabasi amenisalimia. Amenipa kiti. Bado hatujaongea.

Baada ya watu kuondoka nikamfuata mama jikoni kuosha vyombo. Akaniletea daftari. Nilifikiri litakuwa lile lile, nikajiandaa. Alikuwa ameandika:

"Sasa hilo joto ni la nini?"

"Sijui, mama. Nimetafuta, sijaona."

Akatikisa kichwa. Akaandika chini yake: "Tafuta."

Maharage yalikuwa yameiva. Akayaepua, akayaacha yapoe kidogo, kama kipeperushi kinavyosema. Akamwita Neema kwa kupiga kofi moja, siku hizi anamwita hivyo. Akamfungulia mfuko. Magreti alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, anatazama.

Neema akachota chumvi kwa vidole vitatu. Ni nyeupe sana. Mama akamshika kiwiko, wakaimwaga pamoja chunguni, Neema akasema, "Tena." Mama akatikisa kichwa, hapana, inatosha.

Nimekula. Hayana moshi. Sijayazoea bado.